UZI: Nyama za nyuma ya paja zimenichanika mara tatu ndani ya miezi saba, njooni niwaambie nilipokosea

Winga_Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye paja linalouma avute kiti akae.

Mimi ni mtu wa mchangani, miaka 38, winga wa kulia kwenye timu ya maveterani hapa Dar. Paja lililoumia ni la kushoto. Mara tatu, paja lilelile, na ukiniambia niweke kidole mahali penyewe, kidole kinatua palepale mara zote. Ya kwanza nahesabu ajali. Mbili zilizofuata nilijitakia.

Ilikuwa Jumapili, kipindi cha pili, tunaongoza 2-1. Beki wao kapanda, mpira ukatupwa nyuma yake, nikafungulia. Hatua ya nne au ya tano nikasikia "pa!" nyuma ya paja. Nikageuka kumtafuta aliyenirushia jiwe, na tusi lake lilikuwa limeshafika mdomoni. Nyuma yangu hakuna mtu. Kuna dogo anauza karanga, yuko mbali huko kwenye kona, ananishangaa.

Wakanipulizia ile dawa ya baridi, nikajaribu kurudi, hatua mbili nikakaa chini. Jioni wakanipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani anayechua, mikono kama koleo. Maji ya moto, kitambaa, chumvi. Akanikanda karibu dakika arobaini huku akisema damu iliyoganda lazima ivunjwe. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga. Asubuhi paja limejaa, suruali haipiti. Siku ya nne damu ikaanza kuvilia chini, ikateremka hadi nyuma ya goti: zambarau, halafu kijani, halafu rangi ya embe lililokaa sana. Pale palipochanika ni juu, lakini rangi iko chini. Kumbe damu nayo inashuka tu kama maji.

Wiki ya tatu maumivu yakaisha. Natembea, napanda ngazi, nacheka. Nikaingia mechi, nikatoka dakika ya 11.

Baada ya hapo nikasema basi, tatizo ni haraka zangu. Nikakaa miezi miwili sifanyi chochote, mwili unanenepa. Nikarudi. Safari hii sikufika hata kwenye mechi, nilichanika wakati wa kupasha, kwenye mbio za mwisho za kwenda na kurudi.

Hapo ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mpole. Akanilaza kifudifudi, akaniambia nikunje mguu wa kulia, akawa anauvuta kisigino kushusha chini. Akashindwa. Akahamia wa kushoto, akatumia vidole viwili tu, mguu ukalala wenyewe. Haukuuma hata kidogo. Nilitamani nisikie maumivu, angalau ningekuwa na sababu. Miezi miwili ya kupumzika, maumivu sifuri, na mguu hauna nguvu hata ya kubishana na vidole viwili vya mama.

Sasa somo kidogo, kwa nilivyofundishwa. Kaa kwenye kiti, kunja goti, kandamiza kisigino sakafuni kama unataka kukivuta nyuma, halafu shika nyuma ya goti. Utagusa kamba. Ya upande wa nje ni ya msuli unaoitwa baiseps femoris. Za upande wa ndani ni za ndugu zake wawili, semitendinosas na semimembranosas. Wote watatu wanaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaoumia ukikaa kwenye benchi la mbao, wanapita nyonga, wanapita goti, wanashikia chini ya goti. Yule wa nje ana tawi fupi la pili linaloanzia kwenye mfupa wa paja.

Kwa hiyo msuli huu unahudumia viungo viwili kwa wakati mmoja. Ukikimbia kwa kasi, mguu unaporushwa mbele kabla haujagusa ardhi, nyonga imekunjwa na goti linanyooka, msuli umevutwa kotekote. Na wakati huohuo unatakiwa ukaze kufunga breki ili ule mguu usiruke wenyewe. Unavutwa huku unakaza. Hapo ndipo wengi wanapochanikia, na mara nyingi ni yule wa nje, baiseps femoris. Sikugongwa na mtu wala sikuteleza. Mbio tu.

Nakaribisha maswali, michango na matusi.

---

Gunner_wa_Mbagala

Mkuu, sisi mashabiki wa Arsenal huu uzi tunausoma kwa machozi. Msimu wa 2024/25 nyama za paja zilitumaliza. Saka kaumia Desemba 2024 pale Crystal Palace, kafanyiwa upasuaji. Februari Martinelli. Februari hiyohiyo Havertz, kwenye kambi ya mazoezi Dubai, naye kisu. Saka karudi tarehe 1 Aprili 2025 dhidi ya Fulham, katoka benchi kafunga, mtaa mzima tunaruka. Mechi hiyohiyo, Gabriel katoka anashika wapi? Nyuma ya paja.

---

Mtu_wa_Pasi_Fupi

Swali la mjinga. Kuna tofauti gani kati ya hii na kubanwa na misuli? Maana mimi nabanwa kila dakika ya 80.

---

Winga_Mstaafu

Si swali la mjinga. Kubanwa, msuli unajikunja unakuwa mgumu kama ubao, mwenzako anakuinua mguu anausukuma, baada ya dakika chache unaachia. Kesho yake una uchovu tu. Kuchanika kunakuja ghafla kwenye tendo moja, unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja, na ukiunyoosha mguu ndiyo unazidi. Kesho yake ni mbaya kuliko leo. Usikubali mtu akunyooshe kwa nguvu kabla hujajua ni kipi.

---

Fizio_Mswahili

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, naomba nichangie, na nimsahihishe mleta uzi kidogo kwa heshima.

Siku mbili tatu za mwanzo: acha kucheza hapohapo, funga bandeji ya kubana kiasi, inua mguu ukiwa umelala. Barafu inasaidia maumivu, iweke juu ya kitambaa dakika kumi hadi kumi na tano, usiitegemee kwa zaidi ya hapo. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, ambaye ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzika na barafu, mwaka 2014 alijirudi mwenyewe akasema barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Kitu cha kuepuka kabisa siku hizo ni joto, pombe, kukimbia na kuchuliwa kwa nguvu. Vyote vinne vinaongeza damu pale palipochanika. Bwana Winga ulifanya viwili kwa mpigo.

Halafu hapa ndipo wengi wanapokosea upande wa pili: kukaa bila kufanya chochote. Denmark walifanya utafiti, ukachapishwa 2017, wanamichezo 50 wa ridhaa waliochanika misuli ya paja au ya kigimbi (shavu la mguu). Nusu walianza mazoezi siku ya 2, nusu siku ya 9. Tofauti ni wiki moja tu ya kuanza. Waliowahi walirudi uwanjani kwa wastani wa siku 62 na nusu, waliochelewa siku 83. Wiki moja ya mapumziko iliwagharimu wiki tatu.

Mazoezi ya siku ya 2 si mbio, ieleweke. Ni kulala chali, magoti yamekunjwa, unainua kiuno taratibu. Ni kukandamiza kisigino kwenye godoro sekunde kumi, unaachia. Ni kutembea bila kuchechemea, hata kama ni hatua fupi. Maumivu madogo yanaruhusiwa, yale ambayo ukiulizwa kati ya sifuri na kumi unajibu mbili au tatu.

Dalili za kukimbilia hospitali yenye mtaalamu wa mifupa na misuli, bila kungoja: huwezi kukanyaga kabisa, ukipapasa chini ya kalio unahisi shimo, kufa ganzi kunashuka mguuni, au uliumia kwa kupiga msamba, miguu ikatengana ghafla kwenye sakafu yenye maji. Hao wengine kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, inang'oka kwenye mfupa wa kukalia, na ikihitaji kushonwa, wiki za mwanzo ni rahisi kuliko baada ya miezi. Na kama uvimbe uko kwenye kigimbi, una joto, na hukumbuki kuumia, usikandwe na mtu yeyote. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa.

---

Babu_Kandanda

Wanangu, hamjambo. Naona wachua misuli mnawatupia mawe. Mimi nimecheza miaka ya sabini na themanini, kulikuwa hakuna fizio wala mashine ya MRI ya kupiga picha ndani ya misuli, tulikuwa na mzee wetu na mafuta ya nazi, na tulicheza.

---

Fizio_Mswahili

Shikamoo babu. Sijawatupia mawe. Mkono wa mzee anayejua kazi yake unalegeza msuli uliokaza, na wiki ya pili ya tatu unaweza kufaa. Ninachokataa ni usiku ule wa kwanza, damu bado inatoka ndani. Na mkono haujengi nguvu, hilo ni la mazoezi peke yake. Naomba nikuulize babu, wenzako wangapi waliacha mpira kwa "paja bovu"?

---

Babu_Kandanda

Marahaba mjukuu wangu. Ngoja nihesabu.

Wanne. Na mmoja alikuwa fundi kuliko sisi wote.

---

Mtu_wa_Pasi_Fupi

Hilo la babu limeniuma. Michael Owen naye hadithi yake ndiyo hiyo. Aprili 1999, Liverpool wanacheza kwa Leeds, ana miaka 19. Aliwahi kueleza mwenyewe kwamba tangu siku ile amekimbia na misuli miwili upande mmoja na mitatu upande mwingine. Mpira wa Dhahabu wa 2001 aliuchukua akiwa hivyo hivyo, lakini majeraha hayakumwacha.

Na Bolt. Agosti 2017 London, fainali ya 4x100, mbio yake ya mwisho duniani, kapokea kijiti, ghafla anaruka kwa mguu mmoja, chini. Baadaye akaeleza kuwa ni baiseps femoris ya kushoto, karibu na juu, na matibabu ya miezi mitatu.

---

Asubuhi_Baharini

Hamjambo, mie niko Mombasa. Sijasikia "pa" yoyote. Nakimbia kila asubuhi kilomita kumi hivi, nina miaka 44. Maumivu yangu yako juu kabisa, ndani ya kalio, pale pa kukalia. Nikianza kukimbia pauma, nikishika moto patulia. Lakini nikikaa kwa matatu hadi Malindi ni balaa, nakalia upande mmoja kama mgonjwa wa bawasiri. Nimekuwa nikinyoosha kila siku, nainama nagusa vidole vya miguu, na naona yazidi. Ndiyo haya haya?

---

Fizio_Mswahili

Nyumba ni hiyo hiyo, chumba kingine. Kwa unavyoeleza, inafanana na kano kuchoka pale inaposhikia mfupa wa kukalia. Wakimbiaji wa masafa na watu wa kukaa muda mrefu inawapata sana, madereva wa malori wengi wanaijua. Acha kuinama kugusa vidole. Ukiinama hivyo kano inagandamizwa juu ya mfupa, na kukaa kunaigandamiza vilevile, ndiyo maana vyote viwili vinakuumiza.

Punguza vilima na mbio za kasi kwa muda, si lazima uache kukimbia. Jenga nguvu pole pole kwa kuinua kiuno ukiwa umelala, kwanza miguu miwili, baadaye mmoja. Kwenye matatu kalia kitambaa kilichokunjwa, kiwe chini ya mapaja ili kalio lielee kidogo. Hii hupona kwa miezi, si wiki, naomba usikate tamaa mwezi wa kwanza. Na kama maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka hadi unyayoni kwa ganzi au kuchomachoma, hilo ni la mgongo, kapime.

---

Asubuhi_Baharini

Ahsante sana dada. Miaka miwili nainama bure.

---

Fizio_Mswahili

Mimi ni kaka, lakini ahsante 😂

---

Kijana_wa_Chapchap

Mimi sina muda wa miezi. Kuna sindano wanachukua damu yako, wanaizungusha kwenye mashine, wanakurudishia. Nimesikia wachezaji wa Ulaya wanachomwa. Hiyo vipi?

---

Winga_Mstaafu

Hilo nililiulizia kabla yako, nilikuwa nimeshaanza kuchanga hela. Uholanzi waliwahi kuijaribu kwa wanamichezo 80 wenye jeraha hilihili, wengine wakachomwa hiyo, wengine maji ya chumvi, hakuna anayejua kachomwa nini. Matokeo yakatoka 2014: hakuna tofauti ya muda wa kurudi. Hela yangu nikanunua viatu.

---

Kijana_wa_Chapchap

Na diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, je? Mimi nachoma nacheza.

---

Fizio_Mswahili

Kijana, ukizima king'ora, moto unaendelea. Tumbo na figo zako pia ziko hapo. Usichome ili ucheze.

---

Winga_Mstaafu

Sasa nimalizie lililoniokoa, maana PM zimejaa. Ni mambo mawili.

La kwanza, mazoezi ya kuvuta msuli huku unakaza. Sweden kuna mtafiti anaitwa Carl Askling, alichukua wachezaji 75 wa ligi yao, nusu wakafanya mazoezi ya kawaida, nusu mazoezi matatu ya kurefusha. Wa kawaida walirudi kwa siku 51, wa kurefusha siku 28. Moja kati ya hayo nalifanya hadi leo: nasimama mguu mmoja ulioumia, goti limelegea kidogo, nainama mbele taratibu mikono imenyooka kama mtu anayepiga mbizi, mguu mwingine unakwenda nyuma, narudi. Mara ya kwanza nilianguka juu ya ndoo.

La pili, ile ya Nordiki, baada ya kuwa natembea na kukimbia taratibu bila shida. Unapiga magoti juu ya mto, mtu anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele na mwili umenyooka kuanzia magoti hadi kichwa, taratibu kadiri unavyoweza, ukishindwa unapokelewa na mikono. Mimi ninaishi peke yangu, kwa hiyo nachomeka visigino chini ya mbao ya kitanda. Kitanda chenyewe ni cha mninga, hakiinuki. Cha chuma chepesi kitakufuata.

Anza kidogo jamani. Wiki ya kwanza siku moja tu, mara tano, pumzika, mara tano, basi. Wiki ya pili siku mbili, mara sita sita. Kisha siku tatu kwa wiki, unapanda hadi wiki ya tano unafanya 12, 10, 8. Nilijifanya mjuaji, siku ya kwanza nikapiga thelathini. Siku tatu nilikuwa nashuka daladala kwa kurudi nyuma.

---

Mtu_wa_Pasi_Fupi

Sasa mkuu, kama dawa ni magoti na kitanda, mbona hao wa Ulaya wenye mashine zote wanaumia kila leo?

---

Fizio_Mswahili

Swali zuri, na takwimu ziko upande wako. UEFA wanafuatilia klabu kubwa tangu 2001. Msimu wa 2001/02 jeraha hili lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 likafika asilimia 24. Mechi zimeongezeka, kasi imeongezeka. Na mazoezi ya Nordiki yakifanywa kweli hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu, tafiti zikijumlishwa pamoja. Tatizo ni hilo neno "yakifanywa". Yanachosha, yanauma siku ya pili, kocha hataki mchezaji mwenye mapaja mazito siku ya mechi.

Kwenye takwimu hizohizo za UEFA, karibu moja kati ya tano ya majeraha haya ni ya kurudia, na katika hayo ya kurudia, asilimia 69 yalitokea ndani ya miezi miwili baada ya mtu kuruhusiwa. Hapo ndipo alipo Bwana Winga.

Kabla sijamruhusu mtu nataka nione haya: mguu ulioumia una nguvu karibu sawa na mwenzake, nikipapasa hapaumi, ananyoosha mguu haraka bila woga, na amekimbia kasi kamili mazoezini zaidi ya siku moja. Woga nao nauangalia usoni. Mtu anayekunja uso kabla hajaondoka hajawa tayari.

---

Gunner_wa_Mbagala

Kwa hiyo mkuu Winga, umerudi au bado unaandika nyuzi?

---

Winga_Mstaafu

Mama yule alinipa ngazi ya mbio. Uwanja tupu, chupa mbili za maji, mita arobaini kati yake. Wiki ya kwanza kukimbia kama anayewahi daladala ambayo bado haijajaa. Wiki iliyofuata robo tatu ya kasi. Hatua ya mwisho, kasi yote, mara sita, na mapumziko marefu katikati. Ukisikia kuvuta kokote, siku hiyo umemaliza, kesho unarudi ngazi moja chini. Nilirudi chini mara mbili.

Jumapili iliyopita niliingia dakika 20 za mwisho. Mpira ukatupwa nyuma ya beki, uleule. Nikafungulia, na hatua ya tano niliihesabu, sikudanganyi, niliihesabu kwa sauti. Ikapita. Ya sita ikapita. Krosi yenyewe nikaipiga juu ya mti wa mwarobaini nyuma ya goli, na dogo wa karanga akacheka kweli kweli.

Jumanne kama kawaida, mninga.